Muuzaji Apige Kwanza

Siku ya kuniaga, vijana wa karakana walinipa saa ya ukutani. Niliifungua mgongo kabla sijasema asante, nikatazama mashine. Walicheka sana, na mmoja wao akasema mzee huyu hata siku ya maziko yake atauliza jeneza limepigiliwa na nani. Sikukasirika. Nimetengeneza ala za kupuliza maisha yangu yote ya utu uzima, na nimefika hapa kwa kutomwamini mtu. Wameniomba niwaandikie kitu wale wanaoanza sasa. Vyeo na mishahara naviacha, maana vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaeleza nilivyoanza, kisha nieleze kazi moja ya kumchagulia mwanafunzi ala, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa kuliko nyingine zote, na kila anayeisimulia huongeza chumvi yake.

Nilianzia Shinyanga katika miaka ya arobaini, vita ya Wazungu ikiwa bado inaendelea. Mgoa mmoja tuliyemwita Bwana Kaitani alikuwa karani wa ghala la pamba, na akitoka kazini alikuwa fundi wa ala katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Aliniajiri nifagie na nivute mivukuto. Siku ya kwanza alinipa tarumbeta, akaniambia niitazame nimweleze ina ubovu gani. Niliigeuza huku na huku, nikasema haina ubovu. Akaniambia nikafagie. Kesho yake akanipa klarineti, nami nikasema ni mbovu. Akauliza nimejuaje. Nikasema sijui ubovu uko wapi, ila ingekuwa nzima mwenyewe asingeileta hapa. Bwana Kaitani alicheka mpaka akavua miwani, akasema sasa naweza kuvuta kiti nikae.

Alinifundisha mengi, na zana zake zilikuwa za bei ndogo kuliko mnavyodhani. Unachukua karatasi ya kusokotea sigara, unaiweka chini ya kifuniko cha tundu, unakifunga kifuniko kwa kidole, unaivuta karatasi polepole. Ikitoka bila ubishi, ujue na pumzi inavujia hapo. Unaingiza taa ndogo ndani ya bomba, unafunga madirisha, unatafuta mwanga unaochungulia nje. Na unanusa. Klarineti nzuri ni ya mpingo, mti wetu wenyewe, ambao huchukuliwa kwetu kama gogo na kuturudia ukiwa na bei ya Ulaya. Mpingo una harufu yake. Ukinusa ukakuta dawa ya viatu, kuna mtu amepaka, na hakuna anayepaka mahali pasipo na kitu cha kuficha.

Lakini kanuni aliyoishika kuliko zote ilikuwa hii: muuzaji apige kwanza. Usiipige wewe, wala usimpe fundi mwenzako. Mwache mwenye mali aipige ala yake, nawe umpe mgongo usidanganywe na vidole. Atachagua wimbo anaoujua, na atauchagua kwa sababu. Kama kuna noti mbaya, mdomo wake umeshazoea kuizunguka, kama mtu anayejua ubao gani wa sakafu yake umeoza. Usisikilize anachopiga, alikuwa akiniambia Bwana Kaitani, sikiliza anachokikwepa. Na asiyetaka kupiga kabisa, mrudishie mzigo wake na umfungulie mlango.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilihamia Geita. Mgodi mmoja wa dhahabu, jina lake nitaliacha, ulikuwa na bendi ya wafanyakazi na ulitaka mtu wa kuzitunza ala. Nilipewa kibanda nyuma ya ukumbi wa starehe, meza, na jiko la mkaa. Jamani, kama Shinyanga nilijifunza kushuku, Geita nilihitimu. Watu walitoka kila upande wa nchi, Waislamu na Wakristo, wengine na majina waliyoyaokota njiani. Getini askari walipekua nywele, visigino vya viatu, na ugali ndani ya mabakuli. Niliwahi kumwona askari akiuvunja mkate wa mtu vipandevipande na kumrudishia makombo kwa adabu kabisa. Tarumbeta zangu walizipuliza wao wenyewe kuona kama zimeziba. Ngozi ya ngoma kubwa ilitobolewa kila mwaka kwa kisu cha askari, na mimi nikawa naishona.

Huko ndiko alikonijia Mama Kulwa na mwanawe Doto. Walitoka upande wa Ushirombo, Wakatoliki, watu wa kilimo na ng'ombe. Mama alikuwa mjane, mfupi, mkavu wa maneno. Doto alikuwa kijana anayesomea ualimu katika shule ya misheni, na padri wa pale alikuwa amemfundisha klarineti ya besi. Kwa wasioijua, hiyo ni klarineti ndefu inayokaribia kufika chini, na mdomo wake wa chini wa chuma umekunjwa kuelekea juu kama kiko cha kuvutia tumbaku. Sauti yake ni nzito, haisikiki sana mpaka ikosekane. Ala ya shule ilikuwa imepasuka kwa upepo wa kiangazi, ufa wa kuanzia juu hadi katikati. Wakati huohuo ilikuja habari kwamba mkuu wa bendi moja kubwa ya Dar es Salaam atapita Geita kabla ya mvua, na kwamba anatafuta mtu wa klarineti ya besi. Wapigaji wa ala hiyo nchini walikuwa wachache mno. Kwa hiyo Doto alikuwa na bahati ambayo haingerudi, na hakuwa na kitu cha kupuliza.

Mama Kulwa alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili. Aliniambia wazi kwamba wa tatu hayupo, waliobaki ni wa maziwa na wa kulimia. Ala mpya kutoka ng'ambo ingemaliza zizi zima. Alinitazama, akasema, "Fundi Masanja, wanasema wewe humwamini mtu. Ndiyo maana nimekuja kwako." Nilifurahi, nakiri. Si kila siku mtu anasifiwa kwa ugonjwa wake.

Tulianza na ala iliyokuwa Kahama, kwa mfanyabiashara wa mchele aliyedai aliachiwa na mmisionari. Tulikwenda kwa basi, tukarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Ile ala iling'aa kupita kiasi. Niliinusa, nikasikia dawa ya viatu, nikapitisha ukucha, na nta nyeusi ikabaki chini ya kucha. Ufa wake ulikuwa mrefu kuliko ule wa shule. Nilimwomba mwenyewe apige, akasema yeye ni mtu wa mchele. Tukamwachia. Njiani Mama Kulwa alikaa ameukumbatia mfuko wake kama mtoto.

Baada ya hapo ndipo likatajwa jina la Salumu. Huyu alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, amepita arobaini, mwendesha mashine ya kutobolea mwamba huko shimoni. Wakati wa vita alikuwa katika bendi ya jeshi, na kila mtu kambini alijua kwamba chini ya kitanda chake kuna klarineti ya besi. Na kila mtu alijua pia kwamba haipigi. Hilo lilinikaa vibaya tangu mwanzo. Mtu aliyepiga mbele ya majenerali anafika mgodi wenye bendi, na haji hata siku moja kugonga mlango wa ukumbi. Nilipomfuata akataja bei. Ilikuwa chee. Ilikuwa ng'ombe mmoja na nusu, kwa kitu ambacho hata kwa watano ningekiita cha bei rahisi. Mama Kulwa aliposikia hakutabasamu. Alinivuta pembeni akaniuliza ng'ombe wa bei hiyo kwao huwa ameibwa wapi.

Salumu aliileta kibandani Jumapili, katika sanduku lake. Nilitafuta kwanza alama ya mali ya jeshi. Haikuwepo, wala hapakuwa na mahali palipokwanguliwa. Alisema bendi yake ilipovunjwa, mkuu wao alimwachia iwe kumbukumbu. Labda. Nilinusa, nikapata mpingo na mafuta ya lozi, harufu ya ala inayopendwa. Nikajaribu vifuniko kwa karatasi, kimoja baada ya kingine, na karatasi ilibishana kila mahali. Nikaingiza taa. Giza tupu, hapana hata tone la mwanga. Hapo ndipo niliposhuku kweli. Nimeona ala nyingi mbovu maishani na zote nilizielewa. Ala nzima ya bei ya takataka, hiyo sikuielewa.

Nikamwambia apige.

Alikataa. Alisema kwa upole kwamba vidole vimekuwa vigumu kwa sababu ya mashine, na kwamba kijana apige mwenyewe, ndiye atakayeitumia. Nikamweleza kwamba kwangu muuzaji hupiga kwanza. Akasema anaheshimu utaratibu wangu, lakini anaomba asamehewe. Nikasema hakuna msamaha. Akatazama mikono yake. Nikamfungulia mlango.

Doto ndiye aliyenizuia. Alisimama mbele yangu, kijana ambaye hajawahi kunikatiza hata salamu, akaniomba niifungue yote niichunguze ninavyotaka, lakini nisiirudishe. Mama Kulwa naye akanong'ona wazo lake. Alisema hapa Geita kitu chenye tundu ndani hakitoki kambini bure. Kijana wa misheni akipita getini na sanduku la muziki, barua ya padri mkononi, askari watamwonea haya. Kisha huko mbele njiani watatokea watu kukichukua walichokiweka. Niliona ana akili kuliko askari wote wa getini. Basi niliifungua ile ala mbele ya Salumu, springi kwa springi, nikaviweka vifuniko vyote mezani juu ya kitambaa cheupe, nikapitisha waya ndani, nikayeyusha lakiri iliyoshika ngozi za vifuniko na kutazama nyuma yake. Salumu alikaa kwenye kiti muda wote ule. Hakuudhika. Alisema tu nisiuweke mdomo wa ala karibu na jiko, utapinda, jambo nililolijua na ambalo lilinichukiza kuambiwa. Dhahabu haikuwepo. Niliirudishia kila kitu mahali pake mpaka vidole vikaniuma, na nilikuwa na hasira zaidi ya nilipoanza.

Nilimgeukia nikamwambia maneno ya mwisho. Apige, au aondoke nayo. Salumu alimtazama Doto, kisha akaichukua ala, akaulowesha ulimi wa tete kwa mate, akaufunga. Nikampa mgongo kama nilivyofundishwa.

Sijapata kusikia vile. Sauti ilitoka chini kabisa, pana, ya moto, mpaka misumari kwenye bati langu ikatetemeka. Lakini alipiga kwa kukatakata. Noti mbili, tatu, akanyamaza, noti mbili tena. Nilitega sikio nijue anakwepa ipi. Alishuka chini kabisa, akapanda juu kabisa, akapita kwenye zile za katikati ambazo huwashinda wengi. Hakukwepa hata moja. Alipomaliza alikohoa kidogo, akafuta mdomo wa ala kwa kitambaa safi, akampa Doto. Doto akapuliza noti ndefu kwa kila tundu, na kila noti ilisimama imara. Nilimuuliza Salumu kwa nini basi anaiuza bei hiyo. Akajibu kwamba shimo na muziki haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja.

Jibu hilo halikunitosha, nami nilimwambia hivyo. Nikaweka sharti langu. Ala itanunuliwa, ila kila Jumapili mpaka mkuu wa bendi aje, Salumu atakuja hapa kumfundisha Doto. Nilijidai ni kwa faida ya kijana. Ukweli ni kwamba nilitaka muuzaji awe karibu nimwone, ili kama kuna kitu kimejificha kijitokeze akiwepo. Salumu alikubali haraka mno, na hilo nalo nikaliweka kwenye orodha ya mambo ya kushuku.

Basi akawa anakuja. Padri alimruhusu Doto kukaa kwa ndugu wa upande wa mama yake pale Geita, na Mama Kulwa alikuwa akija na kurudi, akileta karanga na maneno makavu. Salumu hakupiga tena hata mara moja. Alisimama nyuma ya Doto, akampitishia mikono kwa pembeni, akaweka vidole vyake mwenyewe kwenye vibonyezo, na Doto akawa anapuliza tu. Pumzi ya huyu na vidole vya yule. Hivyo ndivyo alivyomwonyesha mahali pa kuongeza na mahali pa kupunguza. Vile vidole alivyosema ni vigumu vilikuwa laini kama vya mshona shanga, nami niliona uongo huo wa kwanza kwa macho yangu nikaungoja wa pili. Kipande walichokishika kilikuwa cha gwaride la mwendo wa pole, kirefu, ambacho Salumu alikuwa nacho kichwani tangu jeshini. Alikuwa akikiimba kwa sauti ya chini, vipande vidogo vidogo, na Doto akavishika vilevile.

Siku moja nilimwuliza Doto kwa nini anavuta pumzi kila baada ya hatua mbili za wimbo. Mapafu ya kijana yule yangeweza kuvuta mivukuto yangu siku nzima. Alinijibu kwa fahari, "Ndivyo anavyopiga Mzee Salumu." Nikadhani ni mtindo wa jeshini, mambo ya kupiga huku unatembea kwa miguu. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nashughulika kuchunguza kama Salumu ana mawasiliano na madalali wa dhahabu. Kuhusu kikohozi chake, Geita nzima ilikuwa inakohoa. Walikohoa wachimbaji, walikohoa makarani, na mimi mwenyewe nilikohoa kwa moshi wa mkaa. Nilishuku kila kitu cha mtu yule isipokuwa kikohozi.

Mkuu wa bendi alifika wakati mawingu yameanza kujikusanya. Alikuwa Mzungu mnene, mwenye Kiswahili cha kambini, kifupi na cha amri. Mgodi ulimpa ukumbi wa starehe. Mbele palikuwa na meza yake, na pembeni alikaa karani wa ofisi ya wafanyakazi, ndiye aliyepanga shughuli nzima. Karani yule ungemjua kwa kalamu zake mfukoni. Ndiye aliyeita majina ya watu asubuhi, na ndiye aliyewapa nauli waliofukuzwa. Kwenye benchi la nyuma tulikaa mimi, Mama Kulwa na Salumu, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku na hajalala.

Doto alipuliza. Sauti ile ya moto ikajaa ukumbini, na nilimwona Mzungu akiinua uso. Moyo ulinitulia. Nikasema kimoyomoyo kwamba ala ni nzima, hakuna aliyeibiwa, Masanja umefanya kazi yako. Kisha nikaona uso wa yule Mzungu unabadilika. Alikuwa anahesabu kwa kidole mezani. Kila Doto alipovuta pumzi, kidole kiligonga. Hakungoja afike katikati. Aliinua mkono, akamwamuru akae.

"Ala nzuri sana," alisema. "Kijana mgonjwa. Kifua kibovu. Mimi nataka watu kutembea na kupiga, hapana watu kwenda hospitali."

Doto alisema yeye si mgonjwa. Mzungu akatikisa kichwa, akasema miaka yote amesikia watu wakipumua, hawezi kudanganywa. Akamwambia karani wamwandikie padri wa kijana, apelekwe hospitali ya Kolandoto akatazamwe kifua kabla hajarudi kukaa na wanafunzi wengine. Ndugu zangu, mnajua neno kifua lilikuwa na uzito gani siku zile. Hilo halikuwa tu kukosa bendi. Barua hiyo ikifika misheni, ualimu nao umekwenda. Hakuna mzazi ambaye angekubali mtoto wake afundishwe na mtu aliyeandikiwa barua ya kifua, hata kama hospitali ingemtakasa baadaye. Ng'ombe wamekwenda, ala imebaki, na kijana anarudi nyumbani akiwa mtu wa kukalishwa mkeka wake peke yake. Doto alisimama katikati ya ukumbi akiwa ameishika ala kwa mikono yote miwili, na kadiri alivyojaribu kujieleza ndivyo alivyozidi kuhema. Mzungu alimnyooshea kidole kama kusema, mnaona.

Salumu aliinuka. Aliinuka taratibu, akashika mgongo wa benchi.

"Bwana," alisema, "kifua hicho si chake. Ni changu."

Akaeleza kwa sentensi fupifupi, akipumzika kila baada ya maneno machache, na mara hiyo nikasikia kwamba amekuwa akizungumza hivyo tangu siku ya kwanza. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha kijana. Alisema kipande kile huenda hatua nane kwa pumzi moja, na kwamba zamani alikipiga hivyo, lakini sasa hawezi zaidi ya mbili. Kijana alimsikia mara moja tu akipiga, akadhani ndivyo inavyopaswa, na yeye Salumu alimwacha adhani hivyo, kwa kuwa kumrekebisha kungekuwa kusema. Mtu wa shimoni akijulikana ana kifua hakuwa na siku nyingine mgodini. Alipewa nauli ya kwao na blanketi. Salumu alikuwa anayasema hayo umbali wa hatua chache kutoka kwa karani mwenye kalamu.

Mama Kulwa alikuwa amesimama pia. Sura yake siwezi kuisahau. Aliutazama mdomo wa ile ala, akamtazama mwanawe aliyeutia kinywani miezi yote ile.

"Umemwambukiza mwanangu?" aliuliza.

"Hapana, mama," Salumu akamjibu. "Langu ni vumbi la mawe. Haliendi kwa mtu mwingine. Alichoambukizwa ni kupumua kwangu tu."

Mama Kulwa hakukaa. Alimwangalia yule mtu kwa muda, jinsi alivyokuwa akimwangalia ng'ombe mnadani, toka miguuni hadi usoni. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye shaka kama yeye. Akavua kanga yake ya mabegani, akaikunja, akaiweka kwenye benchi, akamshika Salumu mkono akamkalisha juu yake. Akamgeukia Mzungu, akamwambia kwa Kisukuma amsikilize mtoto mara nyingine. Hakuna aliyemtafsiria, na hakukuwa na haja.

Mzungu alitazama saa yake, akamtazama Salumu, akaniuliza mimi kama mtu huyu anasema kweli. Mimi, Masanja, ambaye niliifungua ala yake springi kwa springi. Nilisema ndiyo. Nilisema sina ushahidi wowote, na namwamini. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno hilo ndani ya kazi, na lilinitoka gumu kama mfupa.

Mzungu akaashiria kwa mkono. Doto akaupeleka mdomo wa ala kinywani, akaushusha, akatazama nyuma kwetu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayo hayamsaidii mpiga ala ya kupuliza. Salumu akamwambia, kwa sauti ambayo ilibidi wote tunyamaze ili tuisikie, "Usipumue nilipopumua mimi. Nenda mpaka mwisho."

Doto akavuta pumzi moja, akaanza. Hatua ya pili ilipita. Ya tatu ikapita. Nilijikuta mimi mwenyewe nimebana pumzi, na Mama Kulwa ameubana mkono wangu. Wimbo ule niliousikia vipandevipande miezi yote sasa ulikuwa kitu kimoja, unashuka polepole kama mto wa masika, hauna haraka na hausimami. Pembeni yangu Salumu alikuwa ameweka mikono yake juu ya magoti, na vidole vyake vilikuwa vinabonyeza kitambaa cha suruali, kila kimoja mahali pake, macho ameyafumba.

Karani wa ofisi ya wafanyakazi alikuwa ameshasimama mlangoni na daftari lake. Alimwita Salumu kwa jina kamili, na namba yake ya kazi. Akamwita tena. Salumu hakufumbua macho. Aliinua kidole kimoja tu kutoka gotini, akamwashiria angoje, kipande bado hakijaisha.